Nilivyotimiza Miaka Kumi na Sita Mara ya Pili

Katika kitabu kidogo cha ibada ya mazishi kilichogawiwa mlangoni mwa kanisa kule Woolwich mwezi uliopita, ukurasa wa tatu, imeandikwa kwamba marehemu baba yetu aliwalea watoto wake wote mpaka wakawa watu wazima. Sentensi hiyo aliiandika Brian, mdogo wangu kwa baba, aliyezaliwa hapa London na ambaye Kiswahili hukielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza. Alinitumia rasimu siku tano kabla ya ibada, akaniomba niipitie kwa kuwa mimi ndiye mwenye jicho la makosa katika familia. Niliipitia. Nilisahihisha jina la shule ambayo baba alifundisha kabla ya kuja huku, nikapanga upya majina ya wajukuu yafuate umri, na sentensi ile nikaiacha ilivyo. Niliisoma mara nne. Sikuweza kupata maneno mengine ya kuweka pale ambayo yangesomwa mbele ya kanisa zima, watu wakaitikia amina.

Kwa upande wangu ninaweza kusema bila kukisia ni lini baba aliacha kunilea. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana na dakika kadhaa, kwenye meza ya chakula, Brian akiwa na miaka mitatu na akicheza na vifuniko vya sufuria chini ya meza hiyo hiyo. Ninaweza pia kusema kwamba siku hiyo nilikuwa mtu mzima wa siku kumi na tatu, na kwamba kwa mujibu wa karatasi zote zilizokuwepo nchini humu nilikuwa bado mtoto kwa karibu miaka miwili zaidi. Ili jambo hilo lieleweke inabidi nisimulie mwaka mmoja. Yaliyotangulia mwaka huo sitayaeleza. Yana watu wengi, na hayabadilishi kitu.

Mwaka ninaousema ulianza Septemba, nilipokuwa nimeishi Woolwich mwaka mmoja na kuingia darasa la mwisho la shule ya upili, lile ambalo watoto wa hapa hufanya mtihani wao mkubwa wakiwa na miaka kumi na sita. Pasipoti yangu ilisema nina kumi na mitano. Nilikuwa na kumi na saba. Siku na mwezi katika pasipoti vilikuwa vyangu vya kweli. Mwaka ndio uliosogezwa mbele kwa miwili. Kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu, niseme kwamba jambo hili halikuwa la ajabu wala halikufanywa na wahalifu. Watu walipunguza umri ili mtoto arudie darasa bila aibu, ili aendelee kucheza mpira katika timu ya vijana, ili apate nafasi ya kazi yenye kikomo cha umri. Mzazi alikwenda kwa chifu, akapata barua, akaipeleka kwa msajili, akatoka na cheti cha kuzaliwa kipya kabisa chenye mhuri halali. Baba alinipunguzia mimi alipokuwa ananiombea viza ya kumfuata, kwa sababu kwenye kikundi chake cha maombi ilijulikana, kama mambo mengine mengi yalivyojulikana pale bila mtu kuyasoma popote, kwamba mtoto akishafika kumi na sita hapewi.

Fleti yetu ilikuwa ghorofa ya tano. Sebuleni palikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, televisheni, meza ya chakula yenye kitambaa cha plastiki cha maua ya njano, na kochi refu nililolalia. Kati ya sebule na jikoni palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, chenye vibao viwili vya kuteleza ambavyo havikufunga sawasawa. Bafuni palikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, na mbele ya kioo hicho ndipo nilipokaa muda mwingi zaidi mwaka huo kuliko mbele ya kitabu chochote, kwa kuwa nilikuwa na ndevu. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa za mtu wa umri wangu, nazo hazikujua kilichoandikwa kwenye pasipoti. Nilizinyoa asubuhi kabla ya shule. Jumatano na Jumapili, kabla watu wa kikundi hawajafika, baba alisimama kwenye mlango wa bafu akiwa bado na kamba ya kitambulisho cha kazi yake ya hospitali shingoni.

"Nyoa tena."

"Nimenyoa asubuhi, baba."

"Asubuhi imeisha. Na wakifika usizungumze sana, sauti yako inajaza nyumba. Salimia, chukua makoti, rudi jikoni."

Shingo yangu ilijaa vipele kwa kunyoa ngozi ambayo haikuwa imepona. Shuleni waliniita Babu, kwa Kiingereza chao, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Kijana mmoja aliyeketi nyuma yangu kwenye somo la hesabu alinishika bega kila Ijumaa: "Babu, tununulie sigara, wewe hawatakuuliza." Nilikwenda, na kweli hawakuniuliza. Nimewahi kufikiri kwamba kaunta ya lile duka la sigara ndiyo mahali pekee London ambapo umri wangu ulikubaliwa bila ubishi. Darasani nilikuwa mbele ya wenzangu kwa miaka miwili katika hesabu na nyuma yao katika kila kitu kingine. Nilikuwa nimejiamulia kwamba mtihani wa Juni ndio utakaoniondoa kwenye lile kochi. Sikuwa na mpango mwingine. Nilikuwa na ratiba ya kusoma niliyoichora kwa rula, ikagawanya siku kwa nusu saa, na niliifuata.

Februari muuguzi wa shule alimwandikia baba barua akimwomba aje. Alikwenda. Aliporudi alikaa sebuleni bila kuvua koti. Muuguzi alikuwa amemwambia, kwa upole kabisa, kwamba kijana wake amekomaa mapema sana kwa kumi na mitano, na je, zipo kadi za kliniki za utotoni ambazo daktari angeweza kuziangalia? Baba alimjibu kwamba ziliungua. Sikupata kujua kwa nini alichagua moto. Kilichomtisha si muuguzi. Ombi lake la kukaa nchini moja kwa moja lilikuwa liwasilishwe wakati wa kiangazi, akasikia kwenye kikundi, palepale aliposikia mengine, kwamba safari hii familia nzima huitwa mbele ya ofisa na kuulizwa maswali mmoja mmoja.

Siku yangu ya kuzaliwa iliangukia Jumapili, mapema Machi. Baba alisema tutaisherehekea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Watu wa kikundi walikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Palikuwa na chapati, kuku wa mchuzi, kachumbari na soda ya chupa kubwa, na keki nyeupe ambayo Mama Brian, mke wa baba, aliinunua karibu na soko, yenye mishumaa kumi na sita. Mimi nilikuwa sebuleni napanga sahani chini ya kidirisha. Watu walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kushukuru, na nadhani baba na mkewe jikoni waliamini kwamba wimbo ule unawafunika.

"Huyu akikaa mbele ya ofisa, tumekwisha," alisema baba.

"Si umwambie anyoe vizuri."

"Shida ni mabega, Mama Brian. Mabega hayanyolewi."

"Na mtihani wake?"

"Atafanyia nyumbani. Kule hakuna mitihani?"

"Kule ataingia kidato cha ngapi? Na kwa umri gani, ule au huu?"

Nilisikia kisu kikikata nyanya kwenye ubao. Kisha baba akasema, "Yule wa tiketi nimemwambia Pasaka. Huyu nitamwambia tunakwenda kumwona nyanya yake. Mimi nitarudi, yeye atabaki mpaka mambo yetu yatulie."

"Mwaka?"

"Miwili. Mitatu. Ni kijana, ana wakati."

Ninayakumbuka maneno hayo ya mwisho kwa usahihi, kwa sababu yalisemwa bila ubaya wowote. Aliamini kweli kwamba nina wakati. Alikuwa amesogeza mwaka wangu kwa mkono wake mwenyewe, na kufikia wakati ule alikuwa ameanza kuuamini. Dakika tano baadaye nilikuwa nimeshika kisu mbele ya keki, na yule mama aliyeongoza kikundi, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, alinipiga mgongoni. "Kumi na sita! Bado mtoto mdogo huyu, msione urefu. Usianze kuangalia wasichana, tunakuona!" Wote wakacheka, na baba akacheka kuliko wote. Nilikuwa nimetimiza kumi na nane siku hiyo. Kwa sheria ya Uingereza, saa ile, baba hakuwa tena na mamlaka yoyote juu ya mahali nitakapolala au nchi nitakayokaa. Nilipuliza mishumaa yote kwa pumzi moja, wakapiga makofi.

Pasaka ilikuwa wiki tano mbele. Kesho yake baada ya shule nilikwenda maktaba, ambako nilikuwa nikienda kila siku, lakini safari hii niliacha vitabu vya mtihani nikapanda orofa ya juu penye vitabu vya sheria. Nilikuwa nimewahi kuona kwenye filamu ya Kimarekani mtoto akisimama mbele ya jaji, jaji akagonga meza, na mtoto akatoka nje akiwa huru kutoka kwa wazazi wake. Nilidhani kwamba nchi yenye mahakama nyingi kama hii lazima ina fomu ya jambo hilo. Nilitafuta neno lenyewe, emancipation, yaani kuachiwa huru, kwenye faharasa za vitabu saba. Palipokuwa na neno hilo, lilinipeleka kwenye historia ya watumwa, na mara moja kwenye historia ya Wakatoliki. Nilisoma kwa siku nne, nikiandika kwenye daftari. Nilipata kwamba hapa mtoto hana mlango wa kutokea kwa wazazi wake. Ana umri tu. Akiwa na kumi na sita aweza kukubali au kukataa tiba. Aweza kuoa, lakini mzazi akubali kwanza. Aweza kuingia jeshini, lakini mzazi atie sahihi. Kila mlango niliougusa ulikuwa na mzazi amesimama kizingitini na kalamu. Ni hapo nilipoanza tabia ambayo sijaiacha, ya kusoma sheria yenyewe badala ya kusikia watu wanavyoisema. Nimeishi nayo kwa karibu miaka thelathini, kwanza wakati wa mapumziko ya chai kwenye maghala ya Hayes, sasa ofisini, na sijui kama ningeipata kama nisingekuwa na hofu kiasi kile.

Jumanne mawakili wa kujitolea walikaa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba hiyo na kusikiliza watu bila malipo, kila mmoja nyuma ya pazia lake. Niliyempata mimi alikuwa mzee wa Kihindi mwenye sweta ya kijani, Bwana Mehta. Aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nilipomjibu aliangalia pazia la jirani, akainama mbele, akabadilisha lugha. Kilikuwa Kiswahili cha dukani cha Wahindi wa kwetu, nilikuwa sijakisikia tangu niondoke, na kilinituliza kuliko Kiingereza chake, ambacho kilikuwa safi kabisa.

"Mimi zaliwa Kisumu. Sema Kiswahili, hapa pazia tu, watu iko nasikia yote. Shida gani?"

Nilimweleza kwamba baba anataka kunirudisha na mimi nataka kubaki nifanye mtihani. Nilimwonyesha daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole kufungua, na mara mbili akatikisa kichwa kama mtu anayekubali.

"Hii kazi mzuri. Lakini hiyo kitu natafuta, hii nchi hakuna. Hapa mtoto hapana achana na mzazi. Mtoto nangoja. Kumi na nane, kwisha, kwenda."

"Mimi nina kumi na nane tayari."

Aliweka kalamu mezani. "Hiyo mimi bado sikia," alisema. "Fikiria, halafu kama nataka mimi sikie, sema tena."

Nilifikiri, nikasema tena. Nilimwambia yote, chifu, msajili, cheti. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha aliuliza swali moja: siku baba alipoomba viza, nilikuwa na umri gani wa kweli?

"Kumi na sita na miezi miwili."

Alifumbua macho. "Lakini hiyo ilikuwa sawa!"

Sikumwelewa. Akarudia polepole, akigonga meza kwa kidole. Mtoto wa chini ya kumi na nane alikuwa anaruhusiwa. Kumi na sita, kumi na saba, sawa kabisa. "Nani alidanganya baba yako?"

Nilisema hakuna aliyemdanganya, watu walikuwa wanasema tu. Bwana Mehta alinitazama, na nikaona kwamba ananionea huruma, jambo ambalo sikulitaka. Halafu alinieleza hali yangu kama ilivyo, na hadi leo sijasikia mtu akieleza jambo gumu kwa maneno machache zaidi. Kama mtoto, ningeweza kupitia kwake kuiomba mahakama imzuie baba asinitoe nchini. Lakini mahakama ingemtuma ofisa nyumbani kwetu, na kitu cha kwanza angekiomba ni pasipoti yangu na historia yangu. Kama mtu mzima, sikuhitaji mahakama; nilihitaji tu kuthibitisha umri wangu; lakini kuthibitisha ni kusema kwamba viza ilipatikana kwa udanganyifu, na hapo baba angeanguka, na mkewe, na Brian pamoja nao, na mimi mwenyewe. Uwongo ambao haukuhitajika kunileta ulikuwa sasa hauwezi kuondolewa bila kutuondoa sote.

"Mimi kama wakili nasema, fikiria sana," alisema mwisho, akifunga daftari langu na kunirudishia. "Mimi kama mtu ya Kisumu nasema, iko shemeji yangu Kingsbury, Kokilaben. Yeye iko na chumba nyuma ya jikoni, nataka kijana ya kusaidia duka Jumamosi. Lakini yeye nataka kila kitu kwa karatasi. Kijana ya kumi na sita, bila barua ya baba, yeye hapana chukua."

Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta katika vitabu saba kilikuwa ni barua ya baba. Niliitunga mwenyewe kwenye maktaba, nikaiandika mara sita mpaka ikawa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema anakubali niishi Kingsbury na nimalize shule. Ya pili ilisema hatanitoa nchini wala kumwomba mtu yeyote anitoe. Ya tatu ilisema kwamba mimi, kwa upande wangu, ninaikubali tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye pasipoti kuwa ndiyo yangu, na sitadai nyingine maadamu ninaishi. Hiyo ya tatu hakuna aliyeniomba niiandike. Niliiongeza kwa sababu nilimjua baba, na nilijua bei yake.

Jumamosi ile Mama Brian alipika ugali na matumbo. Tulikula wote watatu. Nilingoja mpaka baba alipofika nusu ya sahani, kwa sababu akila alikuwa mpole zaidi, kisha nikaweka karatasi kando ya bakuli la mchuzi na nikamwambia kwamba najua habari ya tiketi, kwamba nimemwona wakili, na kwamba akinipeleka uwanja wa ndege nitamwambia ofisa wa kwanza nitakayemwona mwaka niliozaliwa. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi hiyo mbele ya kioo cha bafuni ili sauti isitetemeke. Ilitetemeka.

"Utatuuza," alisema baba. "Sote hapa. Huyu mtoto aliye chini ya meza pia."

"Sitaki kumuuza mtu. Nataka barua."

"Kwetu mtu hamwandikii baba yake barua ya kumfukuza."

"Soma kwanza, Baba Brian," alisema mkewe.

Aliisoma akiwa ameinua mkono wa kulia wenye ugali ili usiguse karatasi. Aliposoma ya tatu alicheka kidogo puani. "Na hii? Hii ndiyo nini? Hii ni ushahidi, kijana. Mtu akiiokota hii tumekwisha kabla hujafika huko Kingsbury. Wewe na vitabu vyako." Alisema kweli. Katika siku zangu zote za kusoma sikuwa nimeliona hilo. Mama Brian alichukua karatasi, akaikunja chini ya sentensi ya pili, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akachana kipande cha chini, akakitia kwenye mfuko wa aproni yake. "Hiyo aseme kwa mdomo," alisema. "Sisi tumsikie."

Nilisema kwa mdomo. Nilisema kwamba nilizaliwa mwaka ule wa pasipoti na sitasema mwingine. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki na nilitaka kukitumia, nikasema: "Baba, kumi na sita ilikuwa inaruhusiwa. Hukuhitaji kupunguza."

"Nani amesema?"

"Wakili. Nami nimeisoma mwenyewe. Ni chini ya kumi na nane."

"Kila mtu alipunguza," alisema baba. "Kila mtu kwenye kikundi. Mzee Barasa alipunguza watatu."

"Nao pia hawakuhitaji."

Aliangalia sahani yake. Alikuwa mtu aliyefundisha hesabu miaka kumi na moja, na nadhani alikuwa anapiga hesabu ile pale pale: madarasa mawili niliyorudishwa nyuma, vipele shingoni, muuguzi, tiketi. Nilikuwa nimesubiri tangu Jumanne nimwone akiwa hivyo. Ningependa kuandika hapa kwamba nilipomwona nilimhurumia. Huruma ilikuja, lakini ilichelewa miaka mingi. Mchana ule nilifurahi, nikamkazia macho ili nisikose hata kidogo. Akainuka, akaenda jikoni kunawa mkono, akaufuta vizuri kwa taulo, akarudi, akatia sahihi. Sahihi yake ilikuwa nzuri siku zote. Alirudisha kalamu mfukoni na kusema, bila kuniangalia, "Uache funguo kwa Mama Brian."

Hatukugombana tena baada ya hapo. Watu hudhani chuki ya namna hii huendelea kwa kelele. Yetu iliendelea kwa adabu. Nilipofaulu mtihani alinipigia simu kunipongeza. Ombi lake lilikubaliwa, na kumbe hakuna ofisa aliyemwita mtu yeyote. Yote yalifanyika kwa posta. Miaka miwili baadaye, nilipotimiza kumi na nane ya pasipoti, aliniambia kwenye simu, "Sasa wewe ni mtu mzima," na nikamjibu, "Asante, baba." Nimemtunza alipougua, nimemsukuma kwenye kiti cha magurudumu katika korido za hospitali aliyoifanyia kazi, na kila muuguzi aliyetusaidia kujaza fomu aliandika mwaka ule ule karibu na jina langu, baba akiwa ameketi hapo na mimi nimesimama. Sasa amekufa, na nimeulizwa na mke wangu, ambaye anajua, kama ile ahadi nayo haikuzikwa. Sijui. Brian hajui lolote, na hati zake zote zimesimama juu ya hati za baba. Kwa hiyo nitastaafu miaka miwili baadaye kuliko inavyonipasa, na jiwe langu la kaburi litakuwa na kosa ambalo mwenye jicho la makosa hatakuwepo kulisahihisha.

Nilihamia Kingsbury Jumapili iliyofuata, nikiwa na begi moja na sanduku la vitabu. Nyumba ya Kokilaben ilikuwa juu ya duka lake, kwenye barabara yenye maduka ya Kigujarati kila upande, na chumba changu kilinuka binzari na sabuni ya kufulia. Kilikuwa na kitanda. Nilikikalia kwanza kwa muda kabla ya kufungua begi. Kokilaben, mwanamke mfupi aliyevaa slipa na soksi, aliisoma barua ya baba mara mbili, akaitia kwenye faili, akaniwekea mezani fomu ya kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, kwa sababu, alisema, kwake mtu hakai bila daktari. Nikaandika jina. Nikaandika anwani mpya. Nilipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa nikaandika siku, nikaandika mwezi, kisha nikasita. Fomu zote za nyuma alizijaza baba. Hakuwepo. Wala hakuna aliyekuwepo katika nyumba ile ambaye angejua kama ningeandika mwaka mwingine.

"Wewe hapana jua zaliwa lini?" aliuliza Kokilaben.

"Najua, mama."

Nikaandika. Alichukua fomu, akaiweka mbali na macho yake kama wafanyavyo watu waliosahau miwani, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Kumi na sita? Wewe kubwa sana."

"Sisi ukoo wetu ni wa watu warefu," nilisema. "Ungemwona babu yangu." Babu yangu alikuwa mfupi kuliko yeye. Nilicheka ili acheke, naye akacheka, akapiga mhuri wa duka lake chini ya sahihi yangu ingawa hapakuwa na mahali pa mhuri, akaniambia chai iko tayari.